Sindano mkononi, mjukuu mapajani: mnagawaje muda wenu?

Bibi Sufu

Shikamooni mlionitangulia, na wadogo zangu hamjambo.

Nina jambo limenikaa moyoni wiki mbili sasa, nikaona nilitoe hapa kwa wenzangu mnaojua kufuma ni nini na kulea ni nini.

Nimefuma tangu nikiwa binti. Watoto wangu wote wamevaa kazi ya mikono yangu. Mwanangu aliponiambia ana mimba ya pili, nilinunua sufu laini nyeupe, gramu 200, na usiku uleule nikaanzisha vitanzi. Sweta la mtoto wa miezi sita. Nilijua hata kabla hajazaliwa nitakuwa nimeshamaliza na kulifua.

Leo mjukuu wangu ana miezi tisa. Sweta lina mgongo, lina vipande viwili vya mbele, lina mkono mmoja. Mkono wa pili umefika kiwikoni na hapo umebaki tangu mama yao arudi kazini. Kuanzia asubuhi hadi jioni, siku tano kwa wiki, niko na huyu mdogo na dada yake wa miaka minne. Nawapenda hawa watoto kupita ninavyoweza kueleza. Lakini nikishika sindano, mmoja analia. Nikiziweka, mikono inawasha. Usiku wakishachukuliwa, macho hayaoni hata nimefika mstari wa ngapi.

Sasa kilichonitoa machozi ni hiki. Jumanne mdogo alilala, nikakaa. Nilikuwa na mistari sita mizuri. Simu ikalia, nikaweka kazi kitini, nikainuka. Kurudi, mkubwa kaivuta sindano yote, ameishika juu kama fimbo ya malkia, na vitanzi vyangu vimebaki wazi, vingine vimeshashuka mistari minne. Nilipiga kelele. Sijawahi kumpigia mtoto yule kelele za namna ile. Akakimbia. Nilimkuta chini ya kitanda amelikumbatia donge la uzi kwa mikono miwili, ananiambia, "Bibi, mimi nilitaka kukusaidia."

Tangu siku hiyo kikapu kiko juu ya kabati. Wazee walisema mshika mbili moja humponyoka, na mimi sitaki kinachoniponyoka kiwe mtoto. Lakini nisipofuma najihisi nimepungua. Ninyi mnafanyaje? Au niweke sindano chini mpaka hawa waanze shule?

Mfumaji wa Alfajiri

Shikamoo Bibi Sufu. Pole sana, na usizifungie hizo sindano.

Mimi ninalea wajukuu watatu, na kosa nililofanya mwaka mzima ni kuwa na kazi moja tu kwenye sindano. Kazi moja inataka saa za aina moja, na mlezi hana saa za aina moja. Kuna saa mtoto yuko macho na anacheza karibu yako: hapo mikono iko huru lakini macho na akili ni vya mtoto. Kuna saa kalala: hapo unayo akili, ila unasikiliza pumzi zake. Na kuna saa nyumba nzima imetulia. Kila moja ninaiwekea kazi yake.

Kwa saa ya kwanza nafuma kitu kisichohesabiwa kabisa. Mshono wa mbele, ule rahisi wa mwanzo, mstari wote, unageuza, mshono wa mbele tena. Blanketi la vipande vya mraba, kila kipande vitanzi 30. Nikiitwa katikati ya mstari naacha, nikirudi naona mwenyewe nilipofika kwa sababu uzi unaotoka kwenye donge uko upande wa sindano ya kulia. Saa ya usingizi wa mchana nafuma mwili wa sweta au soksi. Mapambo ya matundutundu, kupunguza shingo, kuunganisha mabega, hayo yote ni ya alfajiri kabla mtu hajaamka. Jina langu limetokea huko.

Halafu nikupe hesabu iliyonifungua macho. Mimi nafuma vitanzi kama 25 kwa dakika bila kukimbia. Mstari wa vitanzi 60 ni kama dakika mbili na nusu. Mtoto akilala dakika 40, napata mistari 16. Kwa uzi wa unene wa kati na sindano ya milimita 4, mistari 28 hivi inatoa sentimita 10, kwa hiyo usingizi mmoja unanipa zaidi ya sentimita 5. Huo mkono wako, kutoka kiwikoni hadi kifundoni, hauzidi vitanzi 40 kwa mstari. Ni usingizi wa mara mbili, tatu ukiweka na pindo. Kama umekaa miezi, basi muda peke yake sio uliousimamisha. Naona umechoka, mama, na uchovu nao unataka kuhesabiwa.

Babu wa Mapacha

Dada yangu Bibi Sufu, heshima yako. Mimi ni mwanaume, nimejifunza kufuma nikiwa nimeshastaafu, na nina mapacha wa miaka mitatu nyumbani. Ya moyoni nawaachia wengine. Mimi niseme ya sindano.

La kwanza, uzi wa akiba. Kila baada ya mistari 10, chukua uzi mwembamba wa pamba wa rangi nyingine, utie kwenye sindano ya kushonea yenye ncha butu, uupitishe ndani ya vitanzi vyote vilivyo kwenye sindano yako ya kufumia. Usivute, uache urefu wa kiganja kila upande. Kisha endelea kufuma kama kawaida. Siku mjukuu akivuta sindano, kazi itafumuka mpaka kwenye ule uzi na kusimama hapo. Unarudisha sindano kwa kuufuata, unaendelea. Mimi nimevutiwa sindano mara tatu na sijapoteza zaidi ya mistari tisa. Uzi wa akiba unachukua dakika mbili kuupitisha, lakini ndio ulionifanya niache kukunja uso watoto wakisogea karibu yangu. Sikuwa nagombana nao kwa sababu ni watundu, niligombana nao kwa sababu niliogopa.

La pili, sindano zenyewe. Weka kando zile ndefu za chuma, tumia za mianzi zilizounganishwa kwa waya. Vitanzi havitelezi ovyo kwenye mianzi, hazigongani kelele karibu na mtoto aliyelala, na ukiitwa unasukuma kazi yote katikati ya waya, ncha zinabaki tupu. Hata mtoto akivuta ncha moja, vitanzi haviko hapo. Ukiziweka chini, chomeka ncha kwenye kizibo au zifunge pamoja kwa kamba ya mpira.

La tatu, daftari. Kabla ya kuinuka, chora kistari. Mistari minne na mmoja wa kukata ni tano. Kichwa cha mlezi kimejaa nani amekula na nani hajabadilishwa nepi, usikiongezee namba ya mstari.

Bibi Mstahimilivu

Nitasema tofauti na walionitangulia, na nasema kwa upendo.

Mimi niliweka sindano chini miaka mitatu, na sijutii. Mjukuu wangu alizaliwa kabla ya wakati wake, alihitaji jicho la mtu muda wote, na nilijijua: nikifuma, ninazama. Nikizama sisikii. Kuna watu wanaofuma huku wanaona kila kitu chumbani, mimi si mmoja wao. Kwa hiyo nilifunga kikapu, nikakifungua tena alipofikisha miaka mitatu na nusu, na mikono ilikumbuka kila kitu siku ya kwanza. Usione kwamba kuacha kwa muda ni kushindwa.

Na mtakaoendelea, naomba tusiyapite haya mambo haraka. Sindano ya kufumia kwa mtoto anayejifunza kutembea ni kitu cha kutoboa jicho. Isikae kwenye kiti, isikae kwenye mkono wa kochi, hata kwa muda wa kupokea simu. Uzi mrefu usitambae sakafuni penye mtoto anayetambaa, unaweza kumzunguka shingoni. Soksi na vibuti vya mtoto mchanga mvigeuze ndani nje mkague nyuzi zilizolegea, maana uzi mmoja ukijizungusha kwenye kidole cha mguu unaweza kukikaba damu isipite, na mtoto analia hakuna anayejua kwa nini. Sweta za chini ya miaka mitatu msiweke vifungo vidogo vinavyoweza kung'oka na kumezwa, na kofia zisiwe na kamba za kufunga shingoni. Blanketi zetu nzuri nazo: madaktari wa watoto wanashauri mtoto wa chini ya mwaka mmoja asilazwe na blanketi lililolegea, wala asivishwe kofia akilala ndani. Mtandikieni sakafuni achezee juu yake, mkiwa mnamwona.

Bibi Sufu, usijilaumu kwa kelele ulizopiga. Ila kikapu juu ya kabati mahali ulipokiweka ni pazuri. Kikae hapo, ukishushe wewe mwenyewe ukiwa na nafasi.

Bibi Sufu

Asanteni. Nimesoma yote mara mbili mjukuu akiwa amelala begani.

Mfumaji wa Alfajiri, ile hesabu yako niliifanya kwa kalamu. Umesema kweli. Wiki iliyopita mdogo alilala zaidi ya nusu saa kwa siku nne, na siku zote nne nilikaa nikatazama ukuta. Muda ulikuwepo. Nilikuwa sina mtu ndani yangu wa kuutumia.

Bibi Mstahimilivu, mimi pia huzama. Nikifika kwenye kupunguza shingo, hata mvua ikinyesha ndani sijui. Lakini kwenye mshono wa mbele mtupu nadhani sizami, mikono inakwenda yenyewe. Nitajaribu vipande vya mraba wakiwa macho, wala sitagusa kitu cha kuhesabu.

Babu, nikiri kwamba miaka yote hii sikuwahi kuujua huo uzi wa akiba. Nilikuwa nikiokota kitanzi kimojakimoja kwa kroshia.

Lakini bado swali moja sijalijibu mwenyewe. Mwanangu hajui kama nimeacha kufuma. Hajaniuliza, sijamwambia. Nahisi nikimwambia nahitaji nafasi ya kufuma, itakuwa kama namwambia watoto wake wananichosha. Na kusema kweli wananichosha, lakini hilo sio ninalotaka alisikie.

Binti wa Mfumaji

Shikamoo bibi. Mimi sifumi. Niliingia kumtafutia mama yangu zawadi nikakutana na maneno yako, ikabidi niandike, kwa sababu mimi ndiye huyo mwanao. Sio wako hasa, lakini ndiye.

Mama yangu alilea watoto wangu wawili miaka minne. Kila jioni nilikuja, nikawachukua, nikasema asante mama, nikaondoka. Nilikuwa nachoka sana siku hizo, na kwake ndiko mahali pekee ambapo sikuulizwa chochote. Nilidhani yuko sawa kwa sababu alikuwa anatabasamu mlangoni.

Mwaka jana nilimsaidia kuhamisha vitu chumbani. Nyuma ya kitanda nikakuta mfuko, ndani shali la zambarau limefika nusu, bado liko kwenye sindano. Nikalivuta kidogo. Vile vitanzi vilivyokuwa kwenye sindano vilikuwa vimeshika umbo la chuma, vimekakamaa, na mstari ule ulikuwa na alama ya weusi mwembamba pale sindano ilipokaa miaka yote ile. Nilimwuliza ni la nani. Akasema, "Lilikuwa lako, la kuvaa ukienda kazini."

Nilikaa kitandani nikalia. Sio kwa sababu ya shali. Kwa sababu miaka minne nilikuwa napita mlangoni mwake mara mbili kwa siku, na sikuwahi kuuliza, "Mama, siku hizi hufumi?"

Bibi, mwambie. Usimwachie aje akute mfuko. Na ukimwambia, usiseme "nimechoka" tu, kwa sababu sisi tukisikia hivyo tunaingiwa na hofu kwamba hatuna pa kuwaweka watoto. Mwambie siku na saa. Mimi mama angeniambia "Alhamisi kuanzia saa tisa nataka nafasi yangu," ningeitafuta hiyo saa tisa hata kwa kuomba ruhusa. Kitu chenye saa kinapangika.

Mfumaji wa Alfajiri

Binti, Mungu akubariki kwa hilo. Nimemtumia binti yangu nilichoandika na ulichoandika, vyote pamoja.

Mwalimu Nyuzi

Bibi Sufu, mimi nirudi kwa yule wa miaka minne chini ya kitanda. Kila mtu amepita haraka pale, na mimi naona ndipo penye jibu kubwa zaidi.

Mtoto anayevuta sindano ya bibi yake hafanyi uharibifu. Ameona kitu ambacho bibi anakitazama kuliko anavyomtazama yeye, anataka kujua ndani kina nini. Mpe kipande chake.

Katika shule za Waldorf, zinazotilia mkazo kazi za mikono, na ambazo ya kwanza ilifunguliwa Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1919, watoto wa darasa la kwanza wanafundishwa kufuma kwa sindano, wakiwa na miaka sita au saba. Kwa hiyo wa miaka minne bado, vidole havijatulia na ncha ni hatari. Lakini kabla ya sindano kuna vidole. Chukua uzi mnene, usiwe unaoteleza. Ushike mwanzo wake kwenye kidole gumba cha mkono wake wa kushoto. Upitishe mbele ya kidole cha shahada, nyuma ya cha kati, mbele ya cha pete, nyuma ya cha mwisho, uzungushe urudi vivyo hivyo kwa kupishanisha. Fanya tena. Sasa kila kidole kina nyuzi mbili. Ile ya chini ivue ipite juu ya ile ya juu mpaka nyuma ya kidole, uiachie. Kidole kwa kidole. Ukimaliza, zungusha uzi tena, vua tena.

Mwanzoni wewe ndiye unayezungusha, yeye anavua. Atakuwa anauma ulimi kwa umakini. Mistari mitano ya kwanza haionyeshi kitu, na hapo wengi wanakata tamaa, wewe msimulie hadithi wakati huo. Kwenye mstari wa sita au wa saba vuta kidogo mkia ulio nyuma ya mkono wake, na utatokea mkanda uliofumwa. Sijawahi kuona mtoto asiyepiga kelele akiuona ule mkanda ukitoka mgongoni mwa mkono wake mwenyewe.

Sio kila siku atataka. Kuna siku atafanya mistari miwili akimbie. Mwachie. Akitaka kupumzika, hamishia vitanzi vyake kwenye vidole vya karatasi (gogo la karatasi ya chooni lenye mikato minne juu linashika nyuzi vizuri) ili kazi yake isifumuke akiondoka. Kazi nyingine anayoiweza: kukunja uzi kuwa donge, kupanga rangi, kuchora kile kistari cha Babu kwenye daftari kila ukimaliza mstari. Hiyo ya kistari usiidharau. Mjukuu wangu alijifunza kuhesabu kwa tano kwa njia hiyo, na mimi nikawa na msaidizi ambaye haniachi nikosee.

Ila uwe tayari: kipande ulichozoea kukifuma kwa saa moja, mkiwa wawili kitakuchukua siku tatu.

Babu wa Mapacha

Hapo kwa kistari nimeguswa. Mapacha wangu wanagombania kalamu, nimewapa rangi mbili, mmoja mistari ya kwenda, mwingine ya kurudi.

Bibi wa Watano

Kidogo tu. Wanaobeba watoto mchana na kufuma usiku, angalieni vifundo vya mikono. Mimi nilipata maumivu ya kidole gumba mpaka nikashindwa kufungua mfuniko, na ilianza kwa kumnyanyua mtoto kwa kumshika makwapani vidole gumba vikiwa vimefunguka, kisha usiku nikaongezea mistari. Sasa namnyanyua kwa kupitisha mkono wote chini ya makalio, na nafuma dakika 20, nasimama, nanyoosha vidole. Na nikiwa nimechoka sifumi kitu cha kipimo, kwa sababu mkono uliochoka unakaza uzi. Niliwahi kufuma mgongo wa sweta nikiwa mzima na mbele nikiwa hoi, nikapata tofauti ya sentimita 4 kwa idadi ileile ya vitanzi.

Bibi Sufu

Wiki tano zimepita tangu niandike, nimerudi na habari.

Nilimwambia. Nilikaa na maneno ya Binti siku tatu, nikayapima mdomoni, kisha jioni moja nilimwomba aketi kidogo kabla ya kuwachukua. Nikamwambia, "Mwanangu, Jumatano kuanzia saa nane mchana nataka nafasi yangu ya kufuma." Alinyamaza. Nikaanza kujieleza, nikasema sio kwamba watoto wananishinda, akanizuia mkono. Akasema, "Mama, mimi nilidhani uliacha kwa sababu ya macho. Niliogopa kukuuliza nisije nikakuumiza." Kumbe wote wawili tulikuwa tunalindana, kila mtu upande wake wa mlango.

Jumatano baba yao ndiye anayewachukua saa nane. Mara ya kwanza nyumba ilikuwa kimya mpaka nikajihisi vibaya, nikaenda dirishani mara mbili. Mara ya pili nilifuma.

Sasa sweta. Nilimvisha mdogo lile lenye mkono mmoja, nikaona hata nikilimaliza halitapita tumboni. Niliwaza sana, nikachukua mkasi, nikakata mishono ya pembeni na kulifumua lote. Kuna mtu atasikia uchungu akisoma hapo, lakini mimi nilipumua. Uzi ukatoka umejikunjakunja. Nilimwita mkubwa, nikamwambia anyooshe mikono mbele kama anapokea mtoto, nikauzungusha kwenye mikono yake miwili. Alisimama wima bila kutikisika, uzi unamjaa mpaka viwikoni, kila dakika ananiuliza, "Bibi, bado nakusaidia?" Nikamwambia bado. Tukaufunga sehemu nne usijisokote, tukauloweka kwenye maji ya uvuguvugu, tukautundika. Asubuhi ulikuwa umenyooka.

Safari hii naanzia shingoni kushuka chini, bila vipande, bila mishono ya pembeni. Nimejifunza kwa kuchelewa kwangu. Mtoto katika mwaka wa kwanza anarefuka kama sentimita 25 na wa pili kama 12, lakini kifua cha mwaka mmoja ni kama sentimita 46 na cha miaka miwili kama 51. Anakua kwenda juu kuliko pembeni. Kwa hiyo nimepima kifua cha miaka miwili nikaongeza nafasi ya kupumua, na urefu nitauachia uzi ulionibakia: akirefuka, nitafumua pindo, nishike vitanzi, niendelee kushuka. Hata nikikwama miezi miwili, sweta halinizeekei mkononi.

Vipande vya mraba vya mchana vimefika 14. Viwili kati yake vina mkanda wa vidole vya mkubwa umeshonwa katikati, yeye ndiye aliyechagua mahali. Siku mbili wiki hii sikugusa sindano kabisa, mdogo alikuwa anaota jino, na sikuhisi nimeibiwa chochote.

Usiku wa jana nilifika mahali pa kutenganisha mikono na mwili. Nimepitisha uzi wa akiba, kistari kimechorwa. Babu wa Mapacha, kwapani niongeze vitanzi vinne au sita? Kipimo changu ni vitanzi 22 kwa sentimita 10.

Babu wa Mapacha

Sita, dada yangu. Kwa kipimo hicho ni karibu sentimita 3 kila kwapa, na mtoto anayetambaa anainua mikono muda wote, nne zitambana. Ukirudi kuokota vitanzi vya mkono, utaona tundu kwenye kona zote mbili za kwapa. Okota kitanzi kimoja cha ziada kila kona, na mstari unaofuata ukifume pamoja na jirani yake, tundu litaziba.

Bibi Sufu

Sita. Mdogo kalala, naanza sasa.